Gauni Kwenye Mtihani wa Aljebra

Habari ilimkuta Nereida Longoria amesimama juu ya kiti cha jikoni, mikono ameitanua kama anayepekuliwa na askari. Chini yake shangazi yake Dalia alikuwa amepiga magoti, pini sita mdomoni, akipandisha pindo la gauni. Gauni lenyewe lilikuwa la rangi ya feruzi, matabaka juu ya matabaka ya wavu, na ndani yake duara za chuma chepesi zilizolitanua likajaza jiko zima. Simu ikalia mezani.

"Usitikisike," Dalia akasema kwa pembe ya mdomo.

"Ni chuo, shangazi."

"Chuo kimefungwa. Kuna mafuriko. Kingoje."

Kweli chuo kilikuwa kimefungwa. Mvua ya Jumatano ilikuwa imezamisha nusu ya barabara za Bonde, kama tunavyoliita eneo letu, na Alhamisi hiyo hata mabasi ya shule hayakutoka. Oralia, mama yake Nereida, aliyekuwa akikanda unga wa chapati za tortilla, akafuta mikono kwenye aproni, akachukua simu na kusoma kwa sauti.

"Mtihani wa mwisho wa Aljebra ya Chuo, uliokuwa ufanyike leo, umehamishiwa Jumamosi, saa sita mchana hadi saa nane. Hakutakuwa na mtihani wa marudio."

Pini zote sita zikadondoka sakafuni.

Jumamosi ndiyo siku Nereida alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano. Na huko kwetu binti hatimizi miaka hiyo kimyakimya. Misa ilikuwa saa saba u nusu. Ukumbi ulikuwa umeshalipiwa tangu Novemba, na mwenye ukumbi alikuwa mtu asiyerudisha hata senti ya mteja aliyefiwa. Ndugu walikuwa wamegawana mzigo: huyu keki, yule viatu, mwingine taji, na binamu mmoja wa San Antonio alikuwa ameahidi kuja na wapiga tarumbeta. Wageni mia moja na themanini.

"Basi asiende," akasema Bibi Herminia kutoka kwenye kochi, bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Hesabu haiozi. Ataifanya Jumatatu."

"Bibi, wamesema hakuna marudio!"

"Wanasema tu."

Nereida akaruka kutoka kitini, gauni likapanda na kushuka kama kengele. "Nisipofanya napata sifuri. Nikipata sifuri nashuka hadi arobaini na tisa. Chini ya sabini katika somo la chuo, wananirudisha shule ya mtaani. Bibi, mimi nina sabini na moja. Moja tu!"

Shule yake ilikuwa sekondari kama sekondari nyingine, ila majengo yake mawili yalikuwa ndani ya uwanja wa chuo cha jamii, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea vyuma. Asubuhi wanafunzi walisoma masomo ya rika lao. Mchana walivuka nyasi, wakakaa darasa moja na watu wazima, wenye ndevu, wenye watoto, wenye sare za kazini. Bila ada, vitabu bure, na baada ya miaka minne mtu anatoka na vyeti viwili: cha sekondari na cha chuo. Walioomba walikuwa zaidi ya mia nne. Waliochukuliwa, mia moja. Tangu Agosti Nereida alikuwa akirudi nyumbani kila siku akiongea kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyetamani izimwe.

Jioni baba yake, Eliseo, akarudi kutoka kutengeneza viyoyozi, buti mkononi, suruali imelowa hadi magotini. Wakamweleza wote kwa pamoja. Akasikiliza, akakaa, akacheka hadi akakohoa.

"Unacheka nini, mwanamume wewe?" Oralia akamkemea.

"Nacheka kwa sababu nikiacha kucheka nitalia. Mimi nilitolewa shule kwa kutoingia darasani. Mwanangu atafukuzwa kwa kwenda kanisani!"

"Hafukuzwi mtu," akasema Oralia. "Kesho naenda kuonana na huyo mwalimu."

Nereida akashika kichwa. "Mama, usije. Tafadhali. Pale siyo shule ya msingi. Wazazi hawaji."

"Mimi nitakuja."

*

Ijumaa saa saba Oralia alitoka kazini moja kwa moja. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na siku hiyo walikuwa wamewakaangia watoto samaki. Harufu ya mafuta ilikuwa imeshika mpaka nyusi. Alivua wavu wa nywele kwenye gari, akajitazama kwenye kioo, akaona alama ya lastiki imemkata paji la uso. Akaipaka mate. Haikutoka.

Kwenye dirisha la ofisi ya wanafunzi kulikuwa na foleni ya watu kumi. Zamu yake ilipofika, kijana mwenye tai fupi akamkaribisha kwa tabasamu.

"Nataka kujua mwalimu wa aljebra wa binti yangu yuko chumba gani, na kuzungumza juu ya mtihani wake. Anaitwa Nereida Longoria."

"Yeye ni mwanafunzi wa chuo?"

"Ndiyo. Yaani, ni wa ile sekondari ya hapa ndani. Lakini somo ni la chuo."

Tabasamu la kijana likapungua nusu. "Samahani sana, mama. Kwa masomo ya chuo siruhusiwi kuzungumza habari za mwanafunzi na mtu mwingine."

"Mimi siyo mtu mwingine. Mimi ni mama yake."

"Naelewa. Lakini sheria ya faragha—"

"Ana miaka kumi na minne!"

"Hata angekuwa na kumi, mama. Akishaingia darasa la chuo, habari zake ni zake. Labda yeye asaini fomu ya kukuruhusu wewe."

Nyuma yake mtu akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Oralia akahisi masikio yamepata moto. Mtoto ambaye jana tu alikuwa akimkatia kucha! Alitamani kugeuka aondoke, lakini akakumbuka ile sifuri.

"Nipe hiyo fomu," akasema.

Nereida akaitwa kutoka maktaba. Alikuja mbio, akamwona mama yake pembeni ya dirisha na mkoba kifuani kama mtu anayengoja hukumu, na hasira zote alizokuwa amekuja nazo zikamwishia njiani. Akachukua kalamu. Akaandika jina la mama yake kwenye mstari wa "mtu aliyeruhusiwa". Penye "uhusiano" akaandika herufi kubwa: MAMA.

"Asante," Oralia akamwambia, na walipoangaliana wakaangua kicheko wote wawili, kile cha aibu kinachouma mbavu, hadi kijana wa tai naye akacheka.

Mwalimu Halvorsen alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyetoka majimbo ya baridi miaka ishirini iliyopita na bado alivaa sweta ofisini. Aliwapa viti. Oralia akaeleza: misa, ukumbi, wageni, wapiga tarumbeta. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Nereida.

"Una miaka kumi na minne?"

"Mpaka kesho, mwalimu."

"Nilidhani wewe ni mfupi tu."

Hakukuwa na mzaha usoni mwake. Akafungua daftari la mahudhurio, akalifunga. "Mama Longoria, nina wanafunzi thelathini na mmoja. Yule fundi wa kuchomelea anayekaa naye, Fabián, ameacha siku nzima ya malipo kesho kwa ajili ya mtihani huu. Mwingine ana mtoto wa wiki tatu. Nikimhamishia mmoja, niwaambie nini hao? Na isitoshe, wiki ya kwanza binti yako alikuja hapa akaniambia nisimpunguzie chochote kwa sababu ni wa ile sekondari. Nikampa mkono. Sivunji ahadi."

Oralia akamtazama binti yake. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema," Nereida akajibu kwa sauti ndogo.

"Mlango unafunguliwa saa sita," mwalimu akasema akisimama. "Anayemaliza mapema anaondoka."

Kwenye gari Oralia hakuwasha injini mara moja. "Nimezaa mtu ambaye lazima aniruhusu," akasema. "Haya, mkubwa. Sasa amua. Mimi nitawakabili ndugu wote kwa lolote utakaloamua. Usiponiambia, hata gari haliondoki."

Nereida akatazama karakana ya kuchomelea, cheche zikiruka ndani ya giza la mlango. Aliitaka ile sherehe. Aliitaka tangu akiwa na miaka sita, alipomwona binamu yake akizungushwa sakafuni na mjomba. Na aliitaka hii nyasi, anayoivuka kila siku saa sita na nusu akiwa na kikokotoo mfukoni, na moyo unamwenda mbio.

"Vyote," akasema.

"Vyote vipi?"

"Nafanya mtihani, saa nane natoka, naingia kanisani. Misa isogee tu. Kwa saa moja na robo, mama! Na nitaenda nimeshavaa kabisa."

"Kwenye mtihani? Na lile hema?"

"Hakuna sheria ya nguo. Nimesoma kanuni zote."

*

Padri hakuwa mtu wa kusogezwa. Saa kumi alikuwa na harusi, na ya watu wakubwa. Eliseo alimpigia simu mara mbili, akaambiwa mara mbili kwamba ratiba ni ratiba. Hapo Bibi Herminia akazima televisheni.

"Nipelekeni kanisani."

"Mama, wewe jana ulisema mtoto asiende mtihani," Eliseo akamkumbusha.

"Jana sikujua kuna mtu anamkatalia. Nipelekeni."

Alikaa na padri dakika tano. Walioko nje hawakusikia kitu. Alipotoka akafunga mkanda wa gari taratibu.

"Saa tisa kasorobo," akasema. "Atahubiri kifupi."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nimefua vitambaa vya altare yake miaka thelathini na moja, na leo mkono unaniuma."

*

Jumamosi jua lilitoka kali kama halijui habari za mafuriko. Saa mbili asubuhi msusi alianza nywele. Saa nne Dalia alikuwa akishonea duara ya chuma iliyochomoka. Saa tano na dakika ishirini wakagundua gauni haliingii kwenye gari lolote la familia. Eliseo akang'oa viti vya nyuma vya gari lake la kazi, akatoa mitungi ya gesi na ngazi, akatandika shuka. Nereida akapakiwa kwa nyuma, amekaa sakafuni katikati ya wimbi la feruzi, karatasi za marudio mapajani.

"Uko sawa huko, binti mfalme?" Eliseo akaita.

"Baba, niulize!"

"Nikuulize nini? Mimi najua kuzidisha tu!"

"Soma hapo nilipoweka alama!" Akampitishia karatasi.

Basi akasoma, kila walipokuta taa nyekundu, maneno asiyoyajua akiyatamka anavyoweza: logarithimu, asimptoti. Dalia alikuwa akicheka hadi wanja likamchuruzika. Nereida alijibu yote isipokuwa moja.

Kutoka maegesho hadi jengo la hesabu ni kama hatua mia mbili. Nereida alizipita akiwa amenyanyua gauni kwa mikono miwili, raba miguuni, viatu vya visigino virefu kwenye mfuko wa Dalia. Mlango wa maktaba ukafunguka. "Wee! Tazameni!" mtu akaita. Watu wakatoka. Wanafunzi wa uuguzi waliokuwa wakila chakula chini ya kivuli wakapiga makofi. Bwana mmoja mwenye mashine ya kukatia nyasi akaizima na kuvua kofia. Nereida aliwaka uso mzima, na kicheko kikamtoka bila kutaka. Hakuwahi kuonwa na watu wengi hivyo akiwa na kalamu mbili sikioni.

Ndani, shida ikawa kiti. Viti vya darasa lile vilikuwa vimeunganishwa na meza, na kila alipojisukuma kuingia, gauni lilijisukuma kutoka. Duara ya mbele ikaruka juu, ikamfunika uso. Msichana mmoja mwenye kucha ndefu akanong'ona, ila kwa sauti ya kusikika, "Ndio maana watoto wabaki na watoto wenzao." Wawili watatu wakacheka.

Nereida akasimama pale, wavu mdomoni, na furaha yote ya njiani ikamshuka mpaka magotini. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika tatu.

"Wewe, sogea huko," Fabián akamwambia yule mwenye kucha. Alikuwa na miaka arobaini na miwili na mikono yenye madoa ya moto. Akabeba kiti cha Nereida akakitoa nje, akarudi na meza ndefu ya korido begani, na kigoda cha plastiki alichokikopa kwa mfagiaji. "Kaa hapa, mwenzangu. Mimi nina mabinti watatu. Nimeshaona makubwa kuliko haya."

Mwalimu Halvorsen akaingia na karatasi. Akasimama. Alitazama gauni kutoka pindoni hadi kichwani, bila kupepesa.

"Simu zote mbele," akasema. "Saa za kidijitali mbele. Bi Longoria, taji mbele."

"Taji, mwalimu?"

"Siwezi kujua kilichomo ndani."

Taji likalazwa juu ya meza ya mwalimu, katikati ya simu thelathini na moja, likimetameta. Mtihani ukaanza.

Maswali ya kwanza yalimjia kama marafiki. La tisa likamgomea, akaliruka. La kumi na nne lilikuwa lile lile alilolikosa kwenye gari, na sasa aliposikia sauti ya baba yake ikikwaruza "asimpto-nini?", jibu likajileta lenyewe, akaliandika haraka kabla halijabadili nia. Jasho lilimtiririka mgongoni. Saa nane kasorobo alikuwa amefika mwisho, na nje honi ikalia mara mbili fupi: Eliseo. Anayemaliza mapema anaondoka.

Akakusanya kalamu. Halafu akarudi swali la tisa, kulitazama tu. Honi ikalia tena. Akaona kosa: alama ya kutoa, ndogo kama mdudu, aliyoiacha mstari wa pili. Akafuta. Akaanza upya, mstari kwa mstari, honi ikilia, mpaka x ikatulia mahali pake. Saa nane kasoro dakika mbili akasimama, na gauni likanyanyuka pamoja naye kwa kishindo cha vyuma.

Mwalimu akapokea karatasi. Akachukua taji kwa vidole vyote kumi, akalitazama sekunde moja, akamwekea kichwani, akalinyoosha.

"Usikimbie na visigino," akasema.

"Bado niko na raba, mwalimu."

"Basi kimbia."

*

Misa ilikuwa fupi, na padri, kusema haki, alihubiri vizuri kuliko siku zote. Saa kumi na mbili jua lilikuwa bado linachoma madirisha ya ukumbi, nyama ya ng'ombe iliyopikwa tangu alfajiri ilikuwa ikigawiwa na wali na maharage, na wapiga tarumbeta wa San Antonio walikuwa wamefika kweli, wote kumi na mmoja katika gari la watu saba. Fabián alikuja na mke wake na wale mabinti watatu; Eliseo alikuwa amemwalika pale pale maegesho, kwa kumshika mkono asimwachie mpaka akubali.

Baba na binti walikuwa katikati ya dansi yao, Eliseo akihesabu hatua kwa midomo, Nereida akimwongoza bila watu kuona, Fabián alipoinuka kwenye meza yake ameshika simu juu.

"Matokeo yametoka! Ametoa matokeo!"

Wapiga tarumbeta wakadhani ni salamu, wakaongeza sauti. Oralia akavuka sakafu, visigino vikigonga. Dalia akaitoa simu ya Nereida kwenye mkoba.

"Siwezi kuangalia," Nereida akasema. "Nitatapika. Mama, angalia wewe. Nimeshakuruhusu."

Oralia akachukua simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Midomo ikaanza kumtetemeka, na kwa dakika ile fupi Eliseo alishaanza moyoni kupanga maneno ya kumfariji mtoto.

"Sabini na nane," Oralia akasema. Kisha akapiga kelele: "Sabini na nane! Jumla sabini na tatu! Amepita! Mwanangu amepita, asibaki mtu hapa amekaa!"

Mwenye kipaza sauti akalirudia bila kujua ni nini: "Sabini na naneee!" na watu mia moja na themanini wakashangilia sabini na nane. Babu mmoja aliyedhani ni umri wa Bibi Herminia akaenda kumpa pongezi. Fabián naye, aliyepata themanini na mbili, alikuwa akirushwa hewani na mabinti zake, au walijaribu. Eliseo alimnyanyua Nereida, duara za chuma zikamgonga magoti, hakujali, akamzungusha na kumzungusha.

Alipomtua, Bibi Herminia alikuwa amefika katikati ya sakafu na mkongojo wake.

"Sabini na nane kati ya ngapi?" akauliza.

"Kati ya mia, bibi!"

Bibi akafikiri. Alikunja uso kama mtu aliyepunjwa chenji sokoni.

"Sasa hizo ishirini na mbili nyingine nani kazichukua?"

"Hakuna aliyezichukua, bibi," Nereida akasema, akihema, nywele zimemwangukia, uso umelowa machozi na jasho na kicheko. "Nimeziacha kule kule darasani. Agosti tukifungua nazifuata."